Kucha Alizoziacha Dada

Vidole vyangu ni vifupi na vipana, urithi wa baba. Mtu anayetaka kuchagua umbo la kucha sharti aanze kwa kuutazama mkono alio nao, si ule uliobandikwa kwenye ukuta wa saluni. Kucha za mraba huvifanya vidole vyangu vionekane vifupi zaidi. Kucha zenye ncha kali huvirefusha, lakini hukatika siku hiyohiyo ninaposhika ufagio. Linalonifaa ni umbo la yai: pande zote mbili ziachwe zimenyooka, ncha ifuate mviringo wa nyama ya kidole, na urefu uizidi nyama kidogo tu. Haya sikuyasoma chuoni. Alinifundisha dada yangu, nje kidogo ya Mhunze, wilayani Kishapu, katika ua ulionukia pamba iliyoanikwa.

Kwetu kucha zilikuwa jambo la msimu. Kabla ya mavuno ya pamba kuanza, mama alituita mmoja mmoja na wembe wake. Maganda ya vitumba vya pamba yakikauka huwa na ncha zinazochoma. Mwenye kucha zilizokatwa hadi kwenye nyama huchomwa na kuvuna kwa machozi; mwenye kucha ndefu hunasa nyuzi na kuachwa nyuma na wenzake. Ukucha ulitakiwa kuitangulia nyama, basi, wala si zaidi ya hapo. Ili tusivute mikono, mama alitugeuzia mgongo, akaubana mkono wa mtoto chini ya kwapa lake, na kuanza kazi tusiyoweza kuiona. Ulichokiona wewe ni mgongo wake tu, na ulipoongea naye uliongea na mgongo huo.

Macho ya mama yalipoanza kufifia, dada aliirithi kazi ile pamoja na mgongo wake. Aliongeza mawili ya kwake. La kwanza, baada ya wembe alisugua kingo za kucha kwa ubavu wa kibiriti mpaka zikawa laini kama kokoto ya mtoni. La pili, vidole vingine vyote alivipa umbo la yai, lakini kidole gumba alikiacha mraba na kuilainisha pembe ya nje peke yake, kwa kuwa kidole gumba ndicho kinachopasua kitumba na kumenya karanga, na kikichongwa sana hupoteza nguvu. Nilipofurukuta alinitisha kwamba angenipeleka Mwadui, mgodini, wanichonge pamoja na almasi.

Siku moja, akiwa amenigeuzia mgongo hivyohivyo, aliniambia kwamba siku yangu ya kuagwa nyumbani kama bibi harusi, mkono huu hatauchonga mtu mwingine.

"Hata kama nitakuwa mbali," alisema. "Utazifuga kucha na kuningoja."

Aliondoka baada ya msimu mmoja ambao mvua ilitutupa. Alitupigia simu akiwa Kagongwa, akausifu wali wa huko, kisha akaendelea na safari hadi Geita. Huko alipata kazi mwaloni, mahali wanapooshea mchanga uliokwisha kusagwa ili kutoa dhahabu. Yeye aliosha marudio, yaani mchanga ambao wengine wamekwisha kuuosha na kuutupa. Alipiga simu kwa namba mpya karibu kila mara, na kila mara alisema atakuja mavuno yakifika.

Nilipohitimu uafisa afya, niliomba mwenyewe kupangiwa upande wa Geita. Niliamini, na ningali naamini, kwamba mtumishi wa umma anapaswa kwenda kule kwenye vumbi. Niliamini pia kwamba nitamkuta dada. Nilipofika alikuwa amekwisha kuifuata rashi, habari za dhahabu mpya zinazowahamisha watu kama upepo unavyohamisha makapi, hadi kusini, upande wa Chunya. Nilibaki na kazi yangu katika eneo aliloliacha. Jioni nilipopita kwenye makarasha yanayosaga mawe, nilijikuta nikiwatazama wanawake kwa nyuma.

Wakati huo nilikuwa nimechumbiwa na mwalimu mmoja wa Kahama, na sherehe ya kuniaga nyumbani, ile tunayoiita sendofu, ilikuwa imepangwa kufanyika Mhunze baada ya mavuno. Marafiki zangu walikwisha kunichagulia saluni mjini Shinyanga pamoja na kucha za kubandika, ndefu, za kumetameta. Niliwaambia ninamngoja dada. Shangazi alicheka kwenye simu na kusema kuwa bibi harusi anayengoja fundi kutoka Chunya ataolewa na kucha za kuku. Mimi nilizifuga.

Katika majuma hayo nilikwenda mwaloni kuzungumza na wanawake juu ya zebaki. Huichanganya na mchanga ili inase dhahabu, kisha huikamua kwa kitambaa, kwa mikono mitupu. Niliwaeleza inavyoweza kuingia mwilini, nikawagawia glovu, na nikaonya kwamba kucha zenye ncha huzitoboa. Mwanamke mmoja mwenye kibanda cha chai pale mwaloni, aliyekuwa akiosha marudio asubuhi na kuuza vitumbua jioni, alinikatiza.

"Bibi afya, usituambie kata tu, kata tu. Sisi nasi ni wanawake. Mbona za kwangu hazitoboi glovu, na kanisani wananisifia?"

Wenzake wakacheka, wakasema wanaomsifia ni wanaume wa sauti ya nne kwayani. Nilimwomba anionyeshe mikono. Vidole vyake vilikuwa vipana kama vyangu. Kucha zilikuwa za umbo la yai, pande zimenyooka, nyama imetanguliwa kidogo tu. Kidole gumba kilikuwa mraba, na pembe ya nje peke yake ilikuwa imelainishwa.

Niliushika mkono ule kwa muda mrefu kuliko somo lilivyohitaji. Nilipomuuliza nani alimchonga, alisema amejichonga mwenyewe, ila alifundishwa na dada mmoja wa Kishapu aliyekwenda zake Chunya. Alisema dada yule alikuwa na tabia ya kumgeuzia mtu mgongo.

"Alikuwa akisema ana mdogo wake anayesoma," aliongeza, "mwenye vidole vifupi kama vyangu. Ndiyo maana alianza na mimi."

Nilijifanya nahesabu glovu.

Dada alipiga simu sherehe ikiwa imekaribia. Alisema duara lao, shimo wanalochimba, limeanza kutoa, na akiondoka sasa nafasi yake itachukuliwa na mtu mwingine. Nilikuwa na mengi ya kumwambia juu ya dhahabu na juu ya maisha, maneno niliyokuwa nikiyasema mbele za watu kila juma. Nilimuuliza tu kama anavaa glovu. Alisema anazivaa akizipata. Nikasikia karasha ikisaga nyuma yake.

"Kucha umezifuga?"

"Nimezifuga."

"Kidole gumba usikubali wakifanye yai."

Kabla ya kupanda gari la kwenda nyumbani nilipita kwenye kibanda cha chai. Yule mama hakuniuliza nimefuata nini. Aliitazama mikono yangu, akanawa yake kwa sabuni na kuchukua kibiriti kilichokuwa kando ya jiko. Alinigeuzia mgongo na kuubana mkono wangu chini ya kwapa. Mbele yangu kukawa na kitenge kilichofifia mabegani na shingo yenye vumbi la mawe. Nilianza kusema. Niliusimulia mgongo ule rangi ya nguo ya sendofu, macho ya mama ambayo sasa yanaona mwanga na kivuli tu, mwalimu wangu anavyocheka. Yule mama aliendelea kusugua taratibu, hakugeuka, na mara moja tu, nilipotikisika, aliniambia nitulie.

Nilifika Mhunze jua likiwa bado juu. Jamaa walikuwa wakifunga turubai uani, na mama alikuwa ameketi mlangoni. Nilipiga goti, nikasema shikamoo, mayu. Aliitikia marahaba na kuuchukua mkono wangu, kama anavyofanya siku hizi kwa kila anayekuja, ili amtambue. Vidole vyake vilipita juu ya kucha zangu, mmoja baada ya mwingine, vikafika kwenye kidole gumba, vikaipapasa pembe ya nje, vikasimama hapo.

Uso wake uliinuka, ukaelekea njia niliyotoka.

"Mmekuja naye?"

Kwa muda mfupi nilitamani kusema ndiyo.

"Bado, mayu," nilisema. "Hajaja."

Mama hakuuachia mkono wangu. Alibaki amekishika kidole gumba, na uso wake bado unaitazama njia.