Mama Mkwe Nyuma ya Pikapu

Mama mkwe wangu hakai kiti kimoja na mimi. Hatujagombana hata siku moja. Ni heshima tu: mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai bega kwa bega, hawatazamani usoni, wala hawasemeshani moja kwa moja. Mjini Arua wengi wameiacha. Siku hizi utawaona wamekumbatiana na mama wakwe zao wanapiga picha. Wangu ni wa Dranya, kule Koboko, mjane wa askari, na heshima yake imenyooka kama gwaride. Tangu nilipomwoa binti yake, akiwa na neno kwangu humwambia mke wangu, nami nimesimama hapo hapo nasikia kila kitu. Mimi ni Mlugbara, yeye ni Mkakwa, kwa hiyo neno lenyewe huja kwa Kiswahili, kusudi nisipate kisingizio cha kutoelewa.

Mambo hayo hayakunisumbua hadi mwaka jana, jicho lake lilipoingia ukungu. Nasema jicho, si macho, maana la kushoto lilikufa zamani na hili moja ndilo alilobaki nalo. Ukungu ulizidi hadi akawa anawatambua wajukuu kwa kuwapapasa vichwa. Mke wangu akasema lazima aje Arua apasuliwe. Tukaenda kumchukua kwa pikapu yangu ya kubebea mihogo, ambayo mbele ina kiti kimoja kirefu, basi. Nikamfungulia mlango kwa adabu zote. Akaupita, akipapasa ubavu wa gari, akazunguka nyuma, akapanda kwenye bodi na kuketi juu ya godoro kuukuu. Mke wangu akamfuata. Nikabaki mbele peke yangu kama waziri.

Sasa, huku kwetu hakuna anayenunua pikapu akaiacha ilivyotoka kiwandani. Kitu cha kwanza ni kuiongezea vyuma vya springi nyuma, ili ibebe mara mbili ya uwezo wake. Ikirundikwa magunia hutembea kwa staha. Ikiwa tupu, bodi hutetemeka hata ikikanyaga ganda la ndizi. Siku ile ilibeba wanawake wawili na godoro, yaani ilikuwa tupu. Tulipofika Arua mama mkwe aliteremka polepole, akajinyoosha, akamgeukia mke wangu.

"Ambia mwenye gari, mifupa yangu yote imefika. Lakini hakuna hata moja iko mahali yake."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kesho yake mganga wa macho alifungua bendeji, akamwonyesha vidole kwa karibu, naye akavihesabu sawasawa. Mbali bado aliona ukungu. Mganga akasema kuona mbali kutakuja, ila ndani ya jicho mna mshono mwembamba kuliko unywele: asiiname, asibebe kitu, na zaidi ya yote asitikiswe. Mshono ukiachia, jicho limekwenda, na hakuna lingine. Mke wangu akanitazama mimi. Mimi nikaitazama pikapu.

Nilisema akae kwetu hadi apone. Alale chini ya paa la mkwe wake? "Ambia bwana yako," akamwambia mke wangu, "daktari alipasua jicho, hakupasua kichwa." Nikafikiria kumpa fundi wangu wa magari aendeshe yeye, ili mama akae mbele bila mimi. Fundi akajaribu, gia ya pili ikamkatalia kata kata. Gia hiyo hunitii mimi peke yangu, na hata mimi lazima niibembeleze. Wodini wakakubali kumbakiza siku tatu. Siku hizo tatu sikulala vizuri. Mwanamke huyu alinipa binti yake, na mimi nilikuwa karibu kumlipa kwa kumpofusha.

Akili yangu ya kwanza ilikuwa magodoro. Nilinunua la pili, nikaazima la tatu, nikayapanga juu ya lile kuukuu. Fundi alicheka hadi akakalia spana zake.

"Gari inaruka, wewe unafunika na godoro? Ni kama mutu anavalisha mbwa kofia ili isibweke."

Akaingia chini ya gari. Akafungua vyuma vyote vya nyongeza, akabadilisha bushi za mpira zilizokwisha, akafunga shokabu mpya za kumeza mitikisiko, maana zile za zamani zilikuwa pambo tu. Akapunguza upepo wa matairi. Halafu akatandika bodini mipira ya ndani ya matairi mabovu, imejazwa upepo nusu, na godoro moja tu juu yake. Ili kupima, alilala chali hapo mwenyewe na sufuria ya maji tumboni, akaniamuru nipite njia mbovu ya nyuma ya soko na kurudi. Alirudi ameloa hadi soksi.

"Uzito," akasema, akikamua shati. "Hii gari inataka uzito."

Tukapanga magunia sita ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma, tukapita tena njia ile ile. Safari hii alirudi ameloa kitovu tu. Nilimkumbatia na grisi yake yote.

Nilikwenda kumchukua mama mkwe nikiwa nimejaa majivuno. Aliyapapasa magunia moja moja, kifuniko cha plastiki kikiwa kimefungwa juu ya jicho lake. Akauliza hii ni nini. Mke wangu akamwambia ni mchanga.

"Kwetu Dranya mchanga imeisha?"

Mke wangu akamweleza habari ya uzito. Mama mkwe akanyoosha kidole kuelekea zilikotoka sauti, kwenye kibaraza cha wodi, walikokuwa wameketi wanawake sita wa Koboko mjini, waliokuja kutazama wagonjwa na sasa wamekosa gari la kurudi.

"Uzito iko pale. Toa mchanga. Ingiza wamama."

Nilibisha, kupitia kwa mke wangu. Mchanga hausogei, nikasema, mchanga hausimami katikati ya safari kuonyeshana nyumba ya shangazi. Mama mkwe alikuwa ameshawaita na kuanza kuwapanga kwa kuwashika mikono: "Wewe na wewe, hapa juu ya gurudumu. Wewe iko nyembamba, kaa pembeni." Wanene wakaketi kwa fahari. Mwembamba akanuna. Yeye akalala katikati, kichwa kwenye mapaja ya aliyekuwa mkubwa kuliko wote, na mke wangu akamshika mikono.

Niliendesha kama niliyebeba uji usio na kifuniko. Baiskeli zilinipita. Tulipofika Koboko mjini nikasimama ili wanawake washuke, maana walikuwa wamefika. Walikataa. Walisema njia ya Dranya ndiyo mbaya, wakishuka hapo nani atakuwa uzito? Hata yule aliyenuna hakushuka. Nilitamani kuwashukuru, nikapiga honi.

Barabara ile ya vumbi imejikunja kama bati. Nyuma walikuwa wanazungumza, mara kimya. Nikasimama, macho mbele, nikauliza kwa sauti kuna nini.

"Amelala," mke wangu akajibu. "Endesha."

Tulipofika nyumbani kwake nilishuka nikageukia ukuta wa jiko, kama inavyotakiwa. Nikamsikia akiamka. Nikasikia mke wangu akimwondolea kifuniko. Nikaanza kuhesabu nyufa za ukuta.

"Mbuzi," mama mkwe akasema.

"Mbuzi gani, mama?"

"Mbuzi tatu. Iko kwa karanga. Moja iko na kamba kwa shingo."

Tuligeuka wote, hata mimi. Shamba lake la karanga liko ng'ambo ya kijito, upande wa pili wa bonde. Mimi mwenye macho mawili mazima ilinibidi niyakaze. Walikuwa watatu. Mke wangu akaanza kulia, wanawake wakapiga vigelegele, nami nikaupiga ubavu wa pikapu kama ngoma. Mama mkwe peke yake hakuona la kushangilia, kwa sababu karanga zilikuwa zinaliwa. Akanitazama mimi, uso kwa uso.

"Wewe! Unasimama nini? Kimbia!"

Nilikimbia hadi viatu vikanitoka.