Robine ya Nje: Mbele au Nyuma ya Filtre

Siku ya kwanza kazini, Sista Ekonome, msimamizi wa nyumba ya wageni ya masista kule Makiso, hakunionyesha jiko. Alinipeleka nyuma ya nyumba, pale tiyo ya maji inapoingia, akagonga chupa kubwa ya bluu ya kuchujia maji. "Véronique, hii ndiyo filtre ya nyumba nzima. Ikichafuka hii, hata mashuka yangu yanachafuka." Shule niliacha darasa la tatu. Niliiogopa ile chupa kuliko nilivyomwogopa Sista.

Aliyenifundisha ni Papa Saidi, fundi wa bomba. Unafunga vali, unafungua robine moja ya ndani, yaani koki, ili presha itoke, halafu unazungusha chupa kwa ufunguo wake. Ndani mnakaa kartushi, kitu chenye kushika tope, kimekunjwakunjwa kama sketi ya plise. Unakisugua kwa burashi laini, mkunjo kwa mkunjo. Unapangusa mpira wa duara, unaupaka mafuta kidogo. Kufunga, mkono tu. "Ufunguo ni ya kufungulia, Mama. Ukikazia nayo, chupa inapasuka, na miye sina ingine mu mufuko." Filtre ile haiui vijidudu, maji ya kunywa tuliendelea kuchemsha. Lakini kuchemsha maji ya tope ni kupika tope.

Masista walipoifunga nyumba ile, nikaenda kufanya kazi kwa Patron Muhindo, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo. Naye alimwita Papa Saidi amfungie filtre. Kwenye ukuta, upande wa barabara, kulikuwa na robine ya nje. Wanawake wa parseli za nyuma, viwanja vya majirani, walichota pale, nami niliishi huko huko. Papa Saidi alishika msumeno juu ya tiyo, akauliza:

"Patron, robine ya inje naitoshea wapi? Mbele ya filtre, ipate mayi ya tope, ao nyuma, ipate ya safi?"

"Mbele! Mayi ya kumwangia maua haina kazi ya kusafishwa."

"Patron," nikasema, "kule inje hakuna maua. Kuko Mama Zaina na bido yake ya kuchotea mayi. Kuko Mama Bolumbu na mapacha."

Akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Kumbe batu wote ba avenue banakunywa ku kartushi yangu! Bon. Nyuma. Lakini siku presha inaanguka na Madame anakosa kuoga, tiyo nakata. Na kusafisha ni kazi yako weye, Mama Véro."

Hivyo nilijifunga mwenyewe. Nyumba moja ingesafisha kartushi mara chache. Sisi tulikuwa avenue nzima, mtaa wote. Mvua ikinyesha, maji yanakuja rangi ya kahawa, na mimi niko chini, magoti kwenye saruji, hata na malaria. Siku moja nilichelewa. Mama Zaina akapiga kelele juu ya ukuta:

"Mama Véro! Leo mayi yako iko rangi ya chai. Ulilala?"

"Tia sukari, unywe!"

Wakacheka wote. Mimi nilicheka nimeinama, mgongo ukiuma.

Patron Muhindo alipokufa, nyumba ikawa ya mtoto wake, Patron Junior. Vidole vyangu vilikuwa vimeanza kukataa ufunguo. Nilimwomba aweke mtu wa kunisaidia.

"Mama, kama umechoka, hakuna shida. Tunarudisha robine mbele ya filtre, kwisha."

Hakusema kwa ubaya, alikuwa akitafuta simu yake. Nikaendelea, miaka ambayo mwili haukuitaka. Chupa nikaifungulia kwa mikono miwili na kifua. Halafu asubuhi moja haikufunguka kabisa. Kartushi ikajaa tope, presha ikaanguka, Madame wa nyumba akakosa kuoga. Papa Saidi aliletwa, naye mzee, akakata tiyo na kurudisha robine mbele ya filtre, bila kuniangalia.

Vijana mnaofunga filtre leo, mnajua mishale ya kuonyesha maji yanakoelekea, na presha, kuliko mimi. Kabla ya kukata, ulizeni tu robine ya nje ni ya nani, na kartushi atasafisha nani mtu mmoja akichoka. Sisi hilo la pili hatukuliuliza.

Sasa nachota pale pamoja na wengine, naacha bido itulie, nachota ya juu kwa kikombe. Siku ya kwanza sikuweza kuwaangalia usoni. Mama Zaina akaninyang'anya bido, akaijaza yangu kwanza.

"Kaa chini, Mama Véro. Matope tuliijua mbele ya kukujua weye."