Misalaba kwenye Daftari la Mwaloni

Siku ile tulikuwa watu tisa katika chumba cha chuo kikuu. Alikuwapo mwalimu wa mafunzo, mwanamume mwembamba aliyetoka Bukavu na kompyuta mbili begani. Walikuwapo watafiti sita: wawili wa kilimo, wawili wa afya, mmoja wa udongo, na mdogo wangu wa kike, ambaye kazi yake ni samaki. Alikuwapo mama mwenye funguo, aliyekaa mlangoni ili aisikilize jenereta. Wa tisa nilikuwa mimi, niliyeacha shule darasa la pili la sekondari.

Niliitwa kwa sababu ya madaftari. Mwalimu alikuwa amewaambia watafiti kwamba kazi ikishawekwa wazi mtandaoni, mtu yeyote duniani ataweza kuichukua, kuisoma na kuihesabu upya. Kwa hiyo kila mmoja aje na jedwali lake, na kama inawezekana, aje na mtu aliyeandika zile namba kwa mkono wake mara ya kwanza. Ni mdogo wangu peke yake aliyekuja na mtu.

Madaftari yalianza na baba. Alikuwa mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, na mtafiti mmoja wa zamani alimwomba aandike kila asubuhi mitumbwi mingapi imerudi na mabeseni mangapi yameshushwa. Mtafiti yule aliondoka, baba akaendelea. Mama alikuwa ameshafariki kwa ugonjwa. Kisha kuna siku upepo ulishuka kutoka milimani na baba hakurudi. Nilikuwa na wadogo watatu, wa mwisho akiwa huyu wa samaki, hajaanza shule. Niliacha masomo nikaanza kununua ndagala mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha, kuwaanika na kuwauza. Kwa kuwa nilikuwa pale kila asubuhi, na daftari lilikuwa bado na kurasa tupu, nikaendelea kuandika. Sikuwa na sababu nyingine.

Mwaloni kwetu tuna desturi moja. Ziwa likichukua mtu, hakuna mtumbwi unaotoka mpaka azikwe. Asipoonekana, tunangoja siku tatu. Siku hizo sikuwa na namba ya kuandika, kwa hiyo nilichora msalaba mdogo mahali pa mabeseni. Msalaba wa kwanza ulikuwa wa baba, na ndio mstari wa kwanza nilioandika mimi katika daftari lile.

Zamu ya mdogo wangu ilipofika, jedwali lake likatokea ukutani. Chini yake kulikuwa na mchoro, mstari mmoja mrefu unaopanda na kushuka. Upande wa kulia, miaka ile maji yalipoingia hadi ndani ya nyumba zetu Kilibula, mstari ulianguka hadi chini, ukainuka, ukaanguka tena. Akaeleza vizuri, bila kusitasita: ziwa likipanda, ndagala hukimbia. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguzo ya memwari yake, tasnifu ya masta. Profesa wake alikuwa ameshaisoma na kuisifu, na Ijumaa jedwali lilikuwa liwekwe wazi likiwa na jina lake.

Mwalimu akanigeukia. "Mama, namba hizi unazitambua?"

Nikasogea karibu na ukuta. Namba nilizitambua. Sifuri sikuzitambua.

"Hizi sifuri si zangu," nikasema. "Minye sijawahi kuandika sifuri."

Mdogo wangu, anayeniita yaya kwa kuwa mimi ni dada mkubwa, akacheka kidogo. "Yaya, ni ile misalaba yako. Kompyuta haikubali msalaba, inataka namba. Hakuna samaki, iko sifuri."

"Samaki walikuwapo. Watu ndio hawakwenda."

Mmoja wa wale wa kilimo akasema, "Mama, wavuvi wenu wanapenda konje, kupumzika tu."

Wenzake wakacheka. Nikamwambia konje ile hata yeye sitamwombea. Kisha nikaeleza msalaba ni nini, na kwamba miaka ya maji makubwa ziwa lilichukua watu wengi kuliko mingine yote. Kicheko kikaisha, na mama wa funguo, anayetoka familia ya wavuvi, akaitikia kutoka mlangoni, "Ndiyo hivyo. Siku tatu."

Mwalimu akaonyesha sifuri moja ukutani. Alisema sifuri maana yake umepima ukakosa, na nafasi tupu maana yake hukupima, na asiyejua mwalo wetu hawezi kubahatisha tofauti hiyo. Akamwomba mdogo wangu azifute zile sifuri na kuuchora mstari upya.

Alizifuta moja moja. Mstari ukanyooka. Miaka ya maji makubwa haikutofautiana sana na mingine. Ndagala hawakuwa wamekimbia popote.

Alinivuta nje, karibu na jenereta, ili wenzake wasisikie.

"Yaya, kwa nini hukuniambia?"

"Weye hukuniuliza. Ulifunga madaftari kwenye mfuko, ukapanda pikipiki."

"Profesa ameshasoma. Nitamwambia nini?"

"Mwambie siku zile watu walikuwa kwenye kilio."

Halafu akauliza msalaba wa kwanza ulikuwa wa nani, nikamwambia. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuandikia sifuri. Alirudi ndani kabla yangu.

Jioni ile alimpigia profesa simu. Sikusikia majibu, ila nilimwona ameshika kalamu muda mrefu bila kuandika. Profesa aliamua kwamba sura ya tatu iandikwe upya na kwamba asingeitetea memwari mwaka ule. Mdogo wangu hakulia mbele yangu.

Lilibaki jambo moja. Mwalimu alitaka safu mpya katika jedwali, ya kueleza kwa nini siku fulani hazina namba. Nilimwambia tukiacha patupu tu, wasomaji watasema kama yule wa kilimo, kwamba wavuvi wetu ni wavivu. Lakini vifo vile vina wenyewe. Siwezi kuvianika mbele ya dunia kama ndagala bila kuomba. Mwalimu akakubali. Ijumaa jedwali liliwekwa wazi, nafasi zikiwa tupu, na katika maelezo mdogo wangu akaandika: sababu zitaongezwa baada ya ruhusa ya familia.

Misalaba ilikuwa ya vilio kumi na kimoja. Chetu tulikijadili sisi wanne, tukakubali. Kwa wengine nilikwenda kwa miguu baada ya kuuza, mdogo wangu akinifuata na karatasi zake. Mzee mmoja alisema, "Andika, lakini andika pia kwamba hakuwa amelewa." Tukaandika. Mama mmoja alikataa. "Mtoto wangu si wa kuweka mu kompyuta," alisema, akatukaribisha chai, na nafasi yake itabaki tupu. Wengine waliuliza swali nililokuwa naliogopa: miaka yote hii unatuhesabia mabeseni, hesabu yenyewe inasema nini? Hakuna aliyewahi kuwarudishia. Mdogo wangu akachora ule mstari mpya kwa makaa kwenye ukuta wa banda la mwaloni, na wavuvi wakabishana juu yake asubuhi nzima.

Imebaki familia moja. Mjane alipanda Mulenge, kule milimani, kwa ndugu zake baada ya maji kubomoa nyumba, na simu yake haipatikani. Mume wake alikuwa katika mtumbwi mmoja na baba.

Juzi mdogo wangu aliniuliza kama aufute ule mstari wa ahadi katika maelezo, maana familia kumi zimekwisha, na memwari inarudi kwa profesa.

"Uache," nikamwambia. "Bado anatudai mmoja."

Barabara ya milimani ikikauka, nitapanda.