Noeli Hajui Kifungo

Noeli hana shati la vifungo. Mashati yake yote huingilia kichwani, kama kanzu fupi. Suruali zake zina mpira kiunoni. Viatu vyake ni kandambili. Mke wangu Dorkasi ndiye aliyemshonea hivyo tangu utotoni, kwa sindano ya mkono, kwa sababu vidole vya Noeli haviwezi kazi ndogo. Ukimpa kamba afungue, ataichekea. Ukimpa kifungo afunge, atakuletea wewe.

Ni mtu mzima sasa, ana ndevu. Anabeba gunia la karanga kutoka shambani mpaka nyumbani bila kutua. Na hapa kwetu Mlali hakuna anayeamkia watu kama yeye. Shikamoo kwa mchungaji, shikamoo kwa mlevi, shikamoo kwa mtoto mgongoni mwa mama yake. Punda akipita, shikamoo. Watu humwitikia marahaba kwa niaba ya punda.

Ni mtoto wa Sidonia, mdogo wake Dorkasi. Sidonia alipika pombe ya uwele, na aliijua kazi yake. Watu walitoka mbali kuifuata. Mpika pombe lazima aonje. Alionja kabla ya mimba, akaonja na mimba yake, mpaka siku ya uchungu. Hakuna aliyemwambia kitu. Hata sisi hatukujua. Noeli alizaliwa mdogo kama kinda la njiwa, macho madogo, mdomo wa juu umenyooka, hauna kile kijifereji cha chini ya pua. Alipokuwa anatambaa, homa ikamchukua Sidonia. Dorkasi akambeba mtoto. Sisi Mungu hakutupa wa kwetu, basi akatupa huyo.

Shule ilimshinda. Leo anaijua herufi, kesho haijui. Ukimwambia usiguse moto, anasema ndiyo, anaugusa. Walimu walimchapa mpaka wakachoka wao. Dorkasi akampeleka hospitali Dodoma mjini, wakafikia kwa binamu yake, mtaa wa Kikuyu. Daktari akamtazama uso, akampima kichwa, akauliza habari za mama yake. Kisha akasema ile pombe ilimfikia mtoto tumboni, ikamuumiza ubongo ukiwa bado unajengeka. Si ukaidi, na si laana. Dawa ya kuiondoa hakuna. Lakini akipata watu wa kumwelewa, ataishi vizuri.

Dorkasi alirudi anacheka. Nikamuuliza anacheka nini, na dawa hakuna.

"Hukusikia? Anataka watu. Watu si tupo?"

Jambo moja la Noeli ndilo gumu. Ukimuuliza, anajibu ndiyo. Hadanganyi. Anataka tu ufurahi. Umekula? Ndiyo. Hujala? Ndiyo. Kwa hiyo Dorkasi akaweka sheria nyumbani: Noeli haulizwi swali la ndiyo. "Usimuulize kama amekula," alikuwa akiniambia. "Muulize amekula nini." Mimi nilikuwa nasahau. Nikisahau, napigwa mwiko begani.

Dorkasi alifariki mwaka jana, wakati wa kupalilia. Sitasema mengi. Nyumba ilinyamaza. Noeli tu ndiye aliyeendelea kuniamkia kila asubuhi kama vile tumekutana safarini.

Halafu yakaja mambo ya punda.

Jirani yetu Bartolomayo ana punda anaitwa Waziri. Alimnunua wakati serikali inahamia Dodoma na majengo yanaota kule Mtumba. Akasema naye anataka waziri wake, wa kumtuma. Asubuhi moja Waziri hakuonekana. Kamba ilikuwa chini ya nguzo, nzima, haikukatwa. Imefunguliwa. Wakamtafuta, wakamkuta uani kwangu, anakula mashudu kwenye kiganja cha Noeli.

Nilikuwa narudi na kuni nikasikia sauti ya Bartolomayo. Amesimama na mgambo wawili.

"Noeli, umemwiba punda wangu?"

"Ndiyo."

"Umemfungua wewe, kwa mikono yako?"

"Ndiyo."

"Na yule punda jike aliyepotea mwaka jana, naye ni wewe?"

"Ndiyo."

"Una wenzako?"

"Ndiyo." Noeli anacheka, amefurahi kuzungumzishwa.

Nikatua kuni. "Bartolomayo, huyu unamjua. Ukimuuliza kama ndiye aliyeuumba ule mlima, atasema ndiyo."

"Mzee Alfonce, amekiri mbele ya mgambo. Mimi nimechoka kuibiwa."

Wakamchukua. Noeli aliwaamkia mgambo wote wawili, akafuatana nao kama wanaokwenda harusini.

Kituoni ikawa hivyo hivyo. Wakauliza, akasema ndiyo, wakaandika, akaweka dole gumba. Askari mmoja alinionea huruma. "Mzee, huyu ameshakubali kila kitu. Atapewa kifungo tu."

Nilirudi nyumbani nikakaa. Nikamfikiria Noeli gerezani. Mtu atamwambia nipe chakula chako, atasema ndiyo. Mtu atamwambia na hili kosa langu libebe wewe, atasema ndiyo. Akiingia mle, hatoki.

Siku ya kesi nilivaa koti nililofungia ndoa. Mahakama yetu ya mwanzo ni ukumbi mdogo, na watu walijaa, maana habari ya kwamba Waziri ameibwa ilikuwa imechekesha mpaka vijiji vya mbali. Noeli akaletwa. Shati lake lilichanika huko mahabusu, mahabusu mwenzake akampa la kwake. La vifungo. Lilikuwa wazi lote, kifua nje, tumbo nje.

Akamwona hakimu, mama wa makamo, miwani imemshuka puani.

"Shikamoo, mama."

Watu wakacheka. "Marahaba," hakimu akaitikia, akainamia karatasi zake haraka. Akasoma shtaka. "Ni kweli au si kweli?"

"Ndiyo."

"Ndiyo ipi? Ni kweli, au si kweli?"

"Ndiyo, mama."

Hakimu akamtazama. "Kwanza funga shati. Hapa ni mahakamani."

"Ndiyo," Noeli akasema, akabaki vile vile, anatabasamu.

"Umeambiwa funga shati!" askari akafoka.

"Ndiyo."

Sikumbuki kuinuka. Nilijikuta mbele yake, nimeshika kifungo cha juu.

"Mzee, rudi ukae!"

"Namfunga shati," nikasema. "Hajui kifungo huyu."

Askari akajibu kwa sauti ya chini, lakini ukumbi mzima ulisikia. "Leo atakijua."

Kikalipuka kicheko. Hata mimi, Mungu anisamehe, kilinitoka. Hakimu hakucheka. Alipandisha miwani.

"Mzee, umesema hajui nini?"

"Vifungo, Mheshimiwa. Na mafundo. Vidole havimtii tangu azaliwe. Mama yake alikunywa pombe akiwa na mimba yake. Daktari wa mjini alisema ilimuumiza kichwa humo humo tumboni. Yeye mwenyewe hajaonja hata tone."

"Na hii ndiyo, ndiyo yake?"

"Ndiyo hiyo hiyo, Mheshimiwa."

"Mbona hukusema mapema?"

"Sikuulizwa."

Hakimu akaweka kalamu chini. Kisha akamgeukia Noeli kwa sauti laini. "Noeli, ni mimi niliyekutuma ukamwibe punda?"

"Ndiyo, mama."

"Tukampanda wote wawili, wewe mbele, mimi nyuma?"

"Ndiyo!"

"Loo, kumbe na hakimu yumo!" mtu akasema kule nyuma. Ukumbi haukutulia mpaka meza ilipogongwa mara nyingi.

"Naandika kwamba mshtakiwa amekana kosa," hakimu akasema.

"Ndiyo," akasema Noeli.

Kamba ya Waziri ilikuwa pale mezani, imeletwa iwe ushahidi. Hakimu akaisukuma mbele. "Mlalamikaji, mfunge punda wako kwenye mguu wa meza hii, kama ulivyomfunga siku ile."

"Punda hatukuja naye, Mheshimiwa."

"Bwana, funga kamba!"

Bartolomayo akafunga. Ana fundo lake moja, la kuzungusha na kurudisha chini. Punda hata avute vipi, halilegei.

"Noeli," hakimu akasema, "fungua kamba hiyo, niletee."

Noeli akapiga magoti. Akalisukuma fundo kwa kidole. Akaling'ata. Akalichekea. Akaligeuza huku na huku kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ya kichuguu. Jasho likamtoka. Nilitamani kumsaidia, nikajishika magoti. Halafu akasimama, akaikumbatia meza ya hakimu kwa mikono miwili, akaiinua juu na mafaili yake yote, akaivuta kamba kwa mguu wake ikachomoka chini ya meza. Mafaili yakamwagika. Wino ukamwagika. Hakimu alikuwa amerukia ukutani.

Noeli akaitua meza taratibu. Akaokota kamba, fundo likiwa vile vile halijaguswa, akampelekea hakimu kwa mikono miwili kwa heshima.

"Nifungulie, mama."

Sijawahi kusikia mahakama ikicheka vile. Askari aliegemea dirisha, machozi yanamtoka. Hakimu mwenyewe alijifunika uso kwa faili, mabega yanatikisika. Alipoweza kusema, alimwambia Bartolomayo, "Bwana, angekuwa huyu, usingekuta kamba imefunguliwa. Usingekuta nguzo."

"Naona, Mheshimiwa."

"Nani mwingine anajua kufungua fundo lako?"

"Hakuna. Ni la marehemu baba. Nalijua mimi na mke..." Akakomea hapo.

Vichwa vyote vikageuka nyuma, alikokaa mke wake, Flaviana.

"Msinitazame hivyo," Flaviana akasema. Kisha akainuka. "Nilimfungua mimi. Nilitaka kwenda kuteka maji mapema. Nikaingia ndani kuchukua madumu, natoka, hayupo. Nikaogopa kusema, huyu bwana ana maneno. Halafu nikasikia Noeli amekiri. Nikasema ahaa, kumbe alimwiba nikiwa ndani."

"Na kamba uliyoifungua mwenyewe?"

"Mheshimiwa, mtu akikubali kosa, utamnyang'anya?"

Zamu hii hakimu alicheka waziwazi. Alipomaliza, akaangalia karatasi. "Kuna punda wa pili. Alipotea lini?"

"Mwaka jana," Bartolomayo akasema. "Usiku wa matanga ya mke wa Mzee Alfonce."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Matangani, Mheshimiwa."

"Na mshtakiwa?"

Bartolomayo akatazama miguu yake.

"Alikuwa amelala. Alilia mpaka usingizi ukamchukua. Kichwa alikiweka hapa, kwenye paja langu." Akalishika paja. "Mpaka kukakucha. Lilikufa ganzi, sikutaka kumwamsha." Akafuta uso kwa kofia. "Nilisahau. Mheshimiwa, naondoa mashtaka. Yote mawili."

"Noeli, uko huru," hakimu akasema.

"Shikamoo, mama," Noeli akamjibu.

Tulirudi kwa miguu, wanne pamoja, Noeli mbele akiamkia kila mtu. Njiani niliwaambia wenzangu ile sheria ya Dorkasi. Niliitaja na habari ya mwiko. Tulipofika kwenye njia panda Bartolomayo aliniambia, "Mzee Alfonce, sina uso." Nikamwambia uso anao, alete tu punda. Kwa wiki nzima Waziri aliteka maji ya kwangu.

Flaviana ana cherehani. Siku ya pili alikuja mapema. "Kaka, nipe kitambaa. Nimshonee Noeli shati la kuingilia kichwani."

Kitambaa nilikuwa nacho. Kilikuwa ndani ya sanduku la Dorkasi, na lile sanduku sikuwa nimelifungua tangu tumzike. Niliingia ndani nikasimama mbele yake. Noeli akaja akasimama pembeni yangu. Nikalifungua. Harufu yake ilikuwa bado humo. Juu kabisa kulikuwa na kitenge chake cha njano chenye picha za ndege kanga waliotandaza mbawa, alichovaa sikukuu tu. Noeli akakiona, akacheka kwa sauti, akalitaja jina lake: "Mama mkubwa!" Kama vile ameingia mlangoni.

Nikakitoa.

Jioni Flaviana akaleta shati. Bartolomayo yuko nyuma yake, na Waziri nyuma ya Bartolomayo. Noeli akaingiza kichwa, akaingiza mikono, akasimama katikati ya uwanja akiwaka njano kama alizeti. Waziri akalia. Noeli akamwitikia marahaba.

"Eh, umependeza!" Flaviana akasema. "Noeli, limekaa vizuri?"

"Ndiyo."

Nilikuwa nimefungua mdomo, Bartolomayo akaniwahi. Alishika mwiko uliokuwa juu ya chungu, akamgusa mkewe begani, kidogo tu.

"Wewe mwanamke, uliambiwa nini njiani?" Akamgeukia Noeli. Akafikiri kwanza, kama mtu anayetafuta mahali pa kukanyaga. "Noeli. Linakubana wapi?"

Noeli naye akafikiri. Akajitazama kifuani. Akajitazama tumboni. Kisha akainua mkono wa kulia juu, akaonyesha kwapani.

"Hapa," akasema.

Flaviana akatoa mkasi.