Maswali ya Maji

Wenzake kazini walimwita Bi Maswali, na jina likamkaa. Serikali ilitaka kujua wanawake wangapi wanafuatwafuatwa na kusumbuliwa, naye akiwa mdodosaji alipita nyumba hadi nyumba akiuliza. Kuuliza alijua. Kuulizwa, hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Jioni hiyo aliketi chumbani kwa fundi cherehani, mama mtu mzima mwenye pini kifuani na ulimi usio na breki. Kwanza alimweleza utaratibu: mazungumzo ni ya watu wawili tu, na mtu yeyote akiingia, wanahamia papo hapo kwenye maswali ya maji. Maji hayana ugomvi na mtu.

"Je, kuna mtu anayekufuata njiani, au kusimama nje ya nyumba yako, mpaka unaogopa?"

"Mimi? Kwa uzee huu anifuate nani, labda paka!" Fundi alicheka, akachungulia dirishani, kicheko kikakatika. "Mwanangu, yule wa kofia nyekundu pale kwenye nguzo ya umeme ni mwenzako?"

Bi Maswali hakugeuka. Aliijua kofia ile. Aliiona sokoni, aliiona kituoni, aliiona ukutani kwa jirani tangu alipoachana na mwenye nayo. Kila mara alijiambia kwamba mji ni mdogo, watu hukutana. Sasa ilikuwa imemfuata hadi kazini.

"Hodi!" Sauti ilikuwa laini, ya mtu mwenye adabu zake. "Shikamoo, mama. Nimekuja kumchukua mke wangu, yumo humu."

Fundi alimtazama mgeni wake. Bi Maswali alikuwa amejibanza ukutani, mbali na dirisha.

"Marahaba, baba. Subiri huko huko, tuko kwenye kazi ya serikali. Haya, binti, uliniuliza habari za maji!"

Akaanza. Alisimulia ndoo, foleni, bomba lililopasuka na diwani mwongo, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, mpaka majirani wakatoka kutazama kuna nini. Yule bwana alisimama mlangoni akitabasamu. Watu walipozidi, tabasamu likamwisha, akaondoka. Hakwenda mbali. Alirudi kwenye nguzo.

Fundi alifunga komeo, akavuta kiti karibu.

"Maji yamekwisha," alisema taratibu. "Sasa na mimi nikuulize. Kuna mtu anayekufuata mpaka unaogopa?"

Nyumba ngapi ameingia na swali hilo, akalitamka bila hata kumeza mate! Bi Maswali alitaka kusema kwamba mdodosaji hahesabiwi, ndivyo walivyofundishwa. Machozi yakamtangulia.

"Ndiyo, mama," alisema. "Na anajua ninapolala."

Fundi aliinuka. Aliondoa vitambaa vilivyorundikana kwenye kochi, akatandika shuka.