Sikio la Kulia la Fundi Abadiri

Fundi Abadiri alikuwa na sikio moja. Yaani masikio alikuwa nayo mawili, tena makubwa, lakini la kushoto liliuawa na honi ya lori la pamba siku alipokuwa ameingiza kichwa ndani ya boneti, na dereva mpumbavu akaiegemea. Hapa Tanta tulimwambia kwamba Mungu alimhurumia, maana mkewe Marsa ni mtu wa maneno, na tangu siku ile Abadiri alilala kwa ubavu wa kulia.

Kwa sikio lililobaki alitibu magari ya zamani ambayo mafundi wengine walikuwa wameshayasomea dua. Alichukua mwiko wa mti, ncha akaigusisha injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Mwiko ulitoka jikoni kwa Marsa, na jioni ulirudi huko huko.

"Mchuzi wangu wa mulukhiya una ladha ya oili," Marsa alilalamika.

"Na injini zangu zinanuka kitunguu saumu. Mbona hazisemi?"

Kaka yangu Metwali alikuwa na gari la Kitaliano alilolinunua marehemu baba mwaka wa hamsini na saba. Mimi nilitolewa nyumbani ndani ya gari hilo kwenda kwa mume, na dada zangu wawili vilevile, na hakuna aliyerudishwa. Sasa ilikuwa zamu ya Inshiraha, binti pekee wa Metwali, anayeolewa Mahalla. Wiki mbili kabla ya harusi gari likaanza kuzima. Lilizima kwenye daraja la mfereji, njia ya Mahalla, halipunguzi hatua wala halizidishi. Baada ya robo saa linawaka kama halikufanya kitu.

Siku ya kwanza lilizima na mama wa bwana harusi ndani, Bibi Bahiga.

"Gari likimkatikia bibi harusi njiani, na ndoa itakatika njiani," alisema bila hata kushuka. "Alhamisi ya harusi mpwa wangu ataleta gari lake jipya."

Metwali hakula siku ile. "Binti yangu atoke kwangu ndani ya gari la watu? Heri aende kwa miguu."

Majirani walisema ni husuda. Mimi nilijua si husuda, kwa sababu gari nilikuwa nimelikinga mwenyewe siku chache kabla, kwa ushanga wa buluu na nta ya nyuki, nikauficha mahali ambapo hakuna mtu angeubandua.

Jumanne Metwali akalipeleka kwa Abadiri, nami nikafuatana naye, kwa kuwa wanaume wawili wakiachwa peke yao na gari hawarudi.

"Ni joto," Metwali alimwambia. "Likizima nafunga kitambaa cha maji kwenye pampu ya mafuta, nangoja robo saa, linawaka."

"Joto, na baridi hii ya mwezi wa pili? Haji, mwenyewe umevaa makoti mawili." Abadiri hakugusa boneti. "Linazima vipi? Ghafla?"

"Hapana. Linapungua nguvu, linavuta miguu kama punda wa kukodi, halafu linanyamaza."

"Basi si umeme. Umeme hukata kama kisu. Hili linakufa njaa, petroli haifiki."

"Kabureta nimesafisha mara tatu."

"Umemsukutua mdomo mtu asiye na chakula. Twende darajani."

Metwali alishika usukani, Abadiri akakaa kando yake na mwiko wake, mimi nyuma. Darajani gari likazima, kwa heshima zote. Metwali akachomoka na kitambaa chake.

"Usiguse," Abadiri alisema.

"Lazima nilipoze."

"Kaa. Kula mbegu." Akatoa mfukoni mbegu za tikiti zilizokaangwa. Tukatafuna, tukatema maganda mferejini. Robo saa ilipotimia, Metwali akapiga stata, gari likawaka.

"Haya, kitambaa chako kimefanya kazi gani leo?"

Metwali alikikunja kitambaa, akakitia mfukoni.

"Wiki mbili, Haji, unalitibu kwa dawa ya kungoja, na sifa unampa kitambaa."

Tukaendelea na njia mpaka likazima tena, mbele ya mashamba ya majani ya ng'ombe. Safari hii Abadiri alimwambia Metwali abaki kwenye usukani, akazunguka nyuma na kufungua kifuniko cha tangi. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, kama bibi kizee anayekunywa chai ya moto.

"Piga stata."

Likawaka papo hapo.

"Tangi likitoa petroli lazima liingize hewa," Abadiri alisema kwa sauti, ili Metwali asikie. "Kifuniko kina kitundu kidogo cha kupumulia. Kikiziba, tangi linaing'ang'ania petroli yake. Ukingoja, hewa inajipenyeza kidogo kidogo pembeni, ndiyo maana linawaka."

Mimi nilikuwa nimeshuka kunyoosha miguu. Kile kitundu nakijua vizuri. Kilikuwa kimekaa pale kama tundu la kifungo, nami nikaona ndipo mahali hasa pa kuukalisha ushanga. Abadiri alikipindua kifuniko kiganjani, akakitazama, kisha akanitazama mimi. Akakifunga tena kama kilivyokuwa.

"Sasa twende lizime tena."

Metwali alitoa kichwa dirishani. "Umeupata ugonjwa, unaurudisha?"

"Mara moja ni bahati. Mara mbili ndio ushahidi. Keshokutwa ni Alhamisi, Haji. Mimi sitaki kumtoa bibi harusi kwa bahati."

Lilizima tena, kwa umbali ule ule. Akafungua, likawaka. Hapo ndipo aliponigeukia.

"Mama Shauki, nipe sindano."

"Nani kakwambia nina sindano?"

"Mwenye uzi wa hariri ya kijani hakosi sindano."

Uzi ule ndio niliopitishia ushanga, na vipande vyake vilikuwa bado kwenye kifua cha gauni langu, maana nilikuwa nashona nguo ya Inshiraha. Nikampa. Akaichokoa nta polepole, akautia ushanga kiganjani mwangu na kunikunja vidole.

"Kilizibwa na nini?" Metwali aliuliza.

"Nta ya barabarani."

"Barabara gani ina nta?"

"Ile inayopita kwa dada yako."

Metwali alicheka, akadhani ni mzaha wao wa kawaida. Mimi sikukanusha chochote. Hakuna aliyeniuliza.

Alhamisi Bibi Bahiga alikuja na mpwa wake na gari jipya vilevile. "Tutafuata nyuma," alisema. "Likizima tu, anahamia huku."

Nilikaa nyuma na bibi harusi, Metwali kwenye usukani. Msafara ulitoka kwa honi na vigelegele. Tulipolikaribia daraja Inshiraha alinishika mkono, na ule ushanga ulikuwa katikati ya viganja vyetu.

Abadiri alikuwa amesimama darajani, kaipa barabara kisogo, anatazama mfereji kama mtu aliyekuja kwa shughuli zake.

"Shangazi, mbona Fundi hatutazami?"

"Angalia sikio lipi liko upande wetu," nilimwambia.

Tulipanda daraja. Tukashuka. Mbele yetu ikawa njia ya Mahalla tupu, na nyuma mpwa wa Bibi Bahiga akaanza kupiga honi ya furaha, hakuwa na la kufanya tena.

Metwali, aliyekuwa akitazama kwenye kioo, aliapa kwamba Abadiri alikuwa ameshika mbegu moja ya tikiti vidoleni tangu tulipotokea kwenye kona. Sauti yetu ilipopotea ndipo alipoitia mdomoni.