Bomba Refu

Juma zima yule mama hukunja mashuka ya hospitali. Husimama mbele ya pasi kubwa inayozunguka, akapokea shuka likitoka linafuka mvuke, akalikunja pembe kwa pembe na mwenzake, mpaka jioni vidole vinakuwa kama si vyake. Mtaani wanamwita Mama Shuka. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake ya kunyoosha mgongo. Lakini mumewe, makanika mstaafu waliyempa jina la Mzee Povu, hupika bia nyumbani, na tangu bega lake la kulia ligome, mwiko ulihamia mikononi mwa mkewe.

Kimea kilichosagwa hulowekwa kwenye maji ya moto ndani ya sufuria kubwa, na joto lile lisipande wala lisishuke, la sivyo utamu hautoki. Kwa hiyo lazima mtu asimame: akoroge, apunguze moto, auongeze, akoroge tena. Mzee alikaa kwenye stuli akitazama kipimajoto na kusimulia habari za injini zilizokufa zamani. Mkewe alikoroga. Hakulalamika. Uchovu ukizidi, hata kulalamika ni kazi.

Jumapili moja alisinzia wima, mwiko ukamponyoka, uji wa moto ukamrukia mguuni. Halikuwa jeraha la kutisha. Alijimwagia maji, akakaa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mzee, mimi sikorogi tena. Ukipata cha kukoroga, pika. Usipopata, basi."

Mzee akamwendea fundi wa kuchomelea. Pampu Mzee alikuwa nayo tayari. Ingevuta maji matamu kutoka chini ya sufuria, iyapitishe kwenye bomba la chuma lenye koili ya umeme ndani, iyarudishe juu, mwiko upumzike. Kazi ilikuwa kuchagua bomba. Fundi alikuwa na fupi, lenye koili kali, la kuchemsha sufuria upesi. Na refu, karibu upana wa mlango, lenye koili ndefu ya joto la polepole. Fundi akamtania kwamba lile refu litamfaa mtu asiye na kiu.

Mzee alirudi nyumbani ameshaamua: fupi, ili kazi iishe mapema na mkewe apate mchana wake. Mama Shuka alimsikiliza amefumba macho. Alikuwa akiwaza pasi ya kazini, jinsi inavyokwama kidogo tu na shuka likabaki na doa la kahawia lisilotoka milele.

"Moto wote huo umebanwa mahali padogo," alisema. "Sukari itaungua. Utapata bia ya masizi, halafu utaniita nionje."

"Lakini lile refu litachelewa, mke wangu."

"Lichelewe. Kwani mimi nitakuwepo? Nitakuwa nimelala."

Bomba refu likaja. Ilibidi kabati la sahani ling'olewe ukutani ndipo bomba lienee, sahani zikahamia juu ya friji. Jumapili iliyofuata pampu ikaanza kunguruma, na Mama Shuka akaingia chumbani, akajifunika hadi kichwani.

Hajapotelea vizuri usingizini, mlango ukafunguliwa. Mzee alitaka ajue kwamba joto limetulia. Mkewe akashukuru. Baadaye Mzee akaja kusema maji yanarudi safi, hayana harufu ya kuungua. Mara ya tatu alisimama tu mlangoni, kipimajoto mkononi.

"Umelala?"

"Aliyelala usimwamshe, bwana. Kuna nini tena?"

"Hakuna kitu. Kila kitu kinakwenda chenyewe."

Alisema hivyo kama mtu anayetoa habari ya msiba. Mama Shuka akafunua uso, akamwangalia: miaka yote ile ya injini, na leo hana wa kumsimulia. Huruma ilimjia, lakini miguu ilikataa kushuka kitandani. Akasogea ukutani.

"Lete stuli yako, uache mlango wazi uisikie pampu yako. Simulia unachotaka. Ila usiniulize kitu."

Mzee akakaa, akaanza na lori fulani lililokuwa likipanda mlima na gia mbovu. Lori halijafika mlimani, mkewe alikuwa anakoroma.